Wa Saba Hakuwa Wetu

Kasoro ya kwanza ilikuwa harufu. Fundi picha alifungua duka asubuhi, akavuta pumzi, akakunja uso. Dukani kulinuka buti zilizoloa jasho, na baruti kwa mbali, wakati kiatu pekee kilichokuwamo humo ni kandambili zake mwenyewe chini ya meza. Akaulaumu mtaro wa nje. Masikini mtaro, haukuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa mezani. Ilikuwa picha ya zamani ya vita, askari saba wamejipanga mstari mbele ya hema, na wa mwisho kulia uso umelika mpaka karatasi nyeupe ikatokeza. Mmoja wao alikuwa baba wa bibi yake fundi. Yupi, hakuna aliyejua. Aliondoka bibi akiwa ananyonya, akaituma picha hiyo nyumbani, yeye mwenyewe asirudi. Sasa bibi, aliyeishi chumba cha nyuma ya duka, nuru ya macho ilikuwa inamwishia, na ombi lake lilikuwa moja tu: "Nionyesheni baba yangu kabla sijawa kipofu."

Fundi akaamua kwamba ni huyo wa mwisho. Nani angemaliza uso mmoja kati ya saba, kama si mke aliyeupapasa kila siku? Alilia kidogo, halafu akafanya kama alivyofundishwa na baba yake, aliyemwachia duka. Sura ikipotea kabisa, unaiazima kwa ndugu wa damu. Unamkalisha kwenye kigoda, mwanga upande uleule, unachora kwa brashi nyembamba palepale penye kovu. Akamwita mdogo wake, kinyozi wa duka la pili, kijana mwenye sura nzuri na mwenyewe anajijua.

"Masikio usiyazidishe," kinyozi alisema.

"Nyamaza, mzee wetu hakuwa na domo kama lako."

Sura ilikaa vizuri kupita kiasi. Hiyo ilikuwa jana.

Leo, saa nne, kinyozi aliingia na taulo la wateja bado begani, mzaha wote umemwisha. "Dada, niangalie. Unaniona?"

"Nakuona, kwani una nini?"

"Mteja ninayemnyoa mwaka wa sita sasa kaniuliza kinyozi yuko wapi. Nikamwambia si mimi hapa! Akacheka, halafu akaacha kucheka, akatoka mbio kichwa kimenyolewa nusu. Na kwenye kioo, dada... naona shati tu."

Fundi akampiga picha kwa simu. Lilitoka shati, ikatoka kola, ikatoka shingo, na juu ya shingo ukungu. Akapiga tena, ukungu ukazidi. Alipoinua macho kumtazama mwenyewe, kidevu cha mdogo wake kilikuwa kinafifia, mchana kweupe, redio ya jirani ikitangaza mpira.

Hapo ndipo buti zikasikika, si barabarani bali humohumo dukani, zikitoka upande wa meza, hatua nzito za mtu asiye na haraka, zikaupita mkebe wa brashi, zikaipita taa, na kila zilipokanyaga sakafu ilitoa joto, mpaka zikafika kwenye kigoda na kigoda kikalia kwa uzito, na juu yake, kidogo kidogo, kwanza magwanda, halafu mikono, halafu uso wa kinyozi, mzima, na masikio yaleyale, akakaa askari anayetabasamu.

"Niandike chini ya picha kwamba mimi ni babu yenu," alisema, kwa sauti ya kinyozi. "Sura nimeshapata. Nipeni ukoo, niingie ndani."

Fundi alijua hapo kwamba huyu ni jini, lakini mdomo wake haukujua kuogopa tangu utotoni. "Ukoo hautolewi dukani. Mwenye baba ni bibi. Atasema yeye."

"Mlete," jini akasema, akajinyoosha kola.

Kinyozi ndiye aliyemwongoza bibi kwa mkono. Uso wake ulikuwa umebaki macho na kijitundu cha mdomo, ila bibi hakuona hayo. Aliona kwa viganja. Akasimama katikati ya duka. "Wewe, gumba lako umelipeleka wapi?"

"Nimelificha ndani ya ngumi, bibi. Nikiogopa huwa nalificha."

"Hata mimi," bibi akasema polepole. "Mama alikuwa ananichapa kwa hilo. Toa gumba nje, ananiambia, unanikumbusha baba yako. Jamani! Miaka yote mnanionyesha nyuso, nyuso. Nipeni lenzi. Nataka mikono."

Akainama juu ya picha, pua ikigusa karatasi. Wa kwanza, vidole vyote vitano. Wa pili, ngumi, na gumba halipo.

"Baba," bibi akasema. Machozi yakadondoka kwenye lenzi. "Baba yangu ulikuwa mwoga kama sisi!"

"Mtazame wa mwisho," jini akasema. Hakuwa akitabasamu tena.

"Uso huu nani kauweka?"

"Mimi, bibi," fundi akasema. "Nilidhani mama yako kaumaliza kwa mapenzi."

"Mapenzi gani! Aliukwangua kwa pini, nilimwona. Baba aliandika kwamba walijipanga sita, na picha ilipotoka wakawa saba. Nilikatazwa kulitaja."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Nilisema nionyesheni baba. Sikusema mtengenezeeni mgeni sura!" Bibi akachomoa pini kwenye kilemba chake, akaigeukia harufu ya baruti. "Na wewe, toka kwa mjukuu wangu. Umesimama na baba yangu bila kualikwa, humu hukai."

Fundi aliipokea pini, mkono ukagoma. Ile ilikuwa sura ya mdogo wake. Akiikwangua, je, itarudi?

"Kwangua, dada," kijitundu cha mdomo kikasema. "Bora nikae bila sura kuliko aivae huyu."

Akakwangua. Jini akapiga kelele kwa sauti ya kinyozi, akamwita dada, akamwita kwa jina la utotoni, akalia kwamba anaumia, na fundi, machozi yakimtiririka, alimjibu "Huna dada hapa!" akaendelea kukwangua, joto likipanda mpaka rangi zikachemka mkebeni, redio ya jirani ikikoroma, kigoda kikipasuka vipande viwili, mpaka karatasi nyeupe ikatokeza. Kukawa kimya. Mtangazaji akarudi na mpira wake.

Kinyozi alikuwa amekaa sakafuni, anajipapasa pua. Sura yote ilikuwepo, na masikio pia.

Picha inaning'inia dukani hadi leo. Chini ya wa pili kutoka kushoto fundi ameandika, kwa mwandiko wake bora, "Baba yake bibi". Wateja humuuliza mbona huyo wa mwisho hajamtengeneza. "Huyo nilishammaliza," hujibu.

Siku nyingine harufu ya buti hufika mlangoni, ikasimama pale, inasubiri. Fundi hainui hata kichwa.

"Sita wametimia," huiambia, huku akiosha brashi. "Pita zako."