Jua la Dirishani

Chumba cha fundi cherehani kilikuwa ghorofa ya nne, na kila asubuhi jua lilikuwa mgeni wake. Liliingia kwa dirisha kubwa la kioo. Liligusa kwanza cherehani, kisha meza ya kukatia, kisha likajinyoosha sakafuni kama paka. Hapo ndipo fundi alipotandika mkeka, na juu ya mkeka alimweka mwanawe.

Mtoto huyo walimwita Kifungo. Alizaliwa mdogo na mviringo, jina likamshika. Mama yake alikuwa mwoka mikate. Alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka, akarudi alasiri amechoka, nywele zikinukia hamira. Kwa hiyo kutwa Kifungo alikuwa wa baba. Fundi alishona kwa mikono, akalea kwa macho. Uji ulipikwa kwa wakati, nepi zilifuliwa kwa wakati, na dirisha lilifungwa daima. Barabara ya chini ilikuwa na vumbi, na kifua cha Kifungo kilikuwa chepesi kushika mafua. Hata kumteremsha nje fundi aliogopa.

"Mwanangu hakosi jua," aliwaambia wateja. Na kila asubuhi alikifuta kioo kwa karatasi ya gazeti mpaka kikang'aa, ili jua liingie vizuri zaidi.

Jambo moja tu lilimsumbua. Kifungo alikuwa na umri wa mwaka na nusu, na bado hajatembea. Wenzake wa jengo lile walikuwa tayari wanakimbizana kwenye ngazi. Yeye akisimamishwa alishika kiti, akatetemeka, akakaa. Kichwa chake kililowa jasho hata siku za baridi.

Kisha fundi akataka kumshonea suruali. Alimlaza mezani, akanyoosha futi ya kupimia, na futi ikamwambia kile ambacho macho yake yalikuwa yamekataa kuona. Alipovikutanisha vifundo vya miguu, magoti hayakukutana. Kati ya magoti ngumi yake ilipita bila kugusa popote.

Dada mkubwa wa fundi alipokuja kuwatembelea, alimtazama mtoto, akamtazama baba kwenye kiti chake cha kushonea. Ulimi wa dada huyu ulikuwa mkali kuliko mkasi.

"Mtoto wa fundi," alisema, "amerithi kukaa."

Wateja waliokuwepo walicheka. Fundi naye alicheka, kisha akainamia cherehani. Baadaye dada aliacha mzaha na kutoa ushauri. Mifupa ya mtoto bado laini, alisema, basi ifungwe kwa vijiti vya mbao mpaka inyooke. Si kila siku fundi ananyoosha vitu vya watu vilivyopinda?

Neno hilo lilimwingia. Fundi alichukua kitambaa kigumu cha buluu, akakata vipande virefu, akatia sponji ndani ili visimkwaruze mtoto. Alishona pindo kwa makini kuliko suti ya harusi. Kisha akachonga vijiti viwili. Alikubaliana na mkewe wasubiri Jumapili, siku ambayo wote wawili wangekuwa nyumbani. Mmoja angemshika Kifungo, mwingine angemfunga.

Ijumaa jioni nesi alipanda kuchukua sare yake ya kazi. Nesi huyu aliishi ghorofa ya pili na kufanya kazi katika kliniki ya watoto. Alikuwa ameomba sare itanuliwe kiunoni, akidai kuwa kabati lake lina tabia ya kupunguza nguo. Alipokuwa akicheka mwenyewe, aliona vile vitambaa na vijiti mezani. Akauliza ni vya nani.

Fundi alimweleza. Nesi hakucheka tena. Alichuchumaa mkekani, akamshika Kifungo viganja, akapapasa vifundo vya mikono vilivyovimba kidogo, akatazama magoti.

"Usimfunge, fundi," alisema polepole. "Mfupa laini ukiubana hautanyooka. Utaumia, na unaweza hata kuvunjika. Haya ni matege, na nadhani najua yametoka wapi. Huyu mtoto anapata jua?"

Hapo fundi alijiona ana jibu. Alimwonyesha mkeka, dirisha, kioo kinavyong'aa. Kila asubuhi, alisema, mpaka jua lihame lenyewe.

"Na dirisha likiwa wazi?"

"Vumbi, nesi. Linafungwa. Lakini jua linaingia lote."

Nesi alitikisa kichwa. Alisema jua la nyuma ya kioo halimsaidii mtoto kwa jambo hili. Fundi aliinuka, akisukuma meza kwa mikono miwili kama alivyozoea, akaenda kuleta jora la kitambaa lililokaa karibu na dirisha. Upande mmoja ulikuwa wa buluu iliyokolea. Upande wa pili ulikuwa umepauka kama maji ya kufulia.

"Jua la dirisha hilihili ndilo lililoharibu kitambaa changu," alisema. "Utaniambiaje halipiti?"

Nesi alikigusa kitambaa, akakiri kwamba swali ni la haki.

"Jua halibebi kitu kimoja, fundi. Lina mwanga, lina joto, na lina miale ambayo macho hayaioni. Mwanga unapita kwenye kioo. Joto linapita. Miale mingine inayopausha nguo nayo inapita. Lakini ile inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D, kioo kinaizuia. Ukichuja chai, maji hupita, majani hubaki. Mwanao amekuwa akipata maji matupu."

Fundi aliuliza vitamini D ni kitu gani kwa mtoto anayekunywa maziwa kila siku. Maziwa si ndiyo mifupa?

"Maziwa yana kalsiamu, nayo ndiyo kitambaa cha mfupa," nesi alijibu. "Una majora tele mezani, lakini huna uzi. Utashona?"

"Sitashona."

"Basi vitamini D ndiyo uzi. Bila hiyo mwili haushiki kalsiamu vizuri, na mfupa unabaki laini. Mtoto akianza kusimama, uzito wake unaupinda."

Fundi alitazama dirisha alilolifuta asubuhi zote zile. Sauti ikamtoka ndogo. "Kwa hiyo ni mimi niliyemharibu."

"Mtu asiyejali hamweki mtoto juani," nesi alisema. "Ulikosea kioo, hukukosea mtoto. Na bado ni mdogo, miguu ina nafasi ya kunyooka. Jumatatu mlete kliniki." Alifika mlangoni, akageuka. "Na wewe uje upimwe. Nimekuona unavyoinuka. Unasukuma meza kama mzee."

Fundi alikuwa amezoea kulaumu cherehani kwa maumivu ya mapaja na kiuno. Hakuwahi kufikiri kwamba yeye na mwanawe wanaugua kivuli kimoja.

Jumatatu mama Kifungo aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote watatu. Damu ilichukuliwa, na picha ya mifupa ikapigwa. Daktari alithibitisha: baba na mwana wote walipungukiwa na vitamini D, na mtoto alikuwa na matege. Baba alipewa vidonge, Kifungo matone ya dawa. Waliambiwa wampe mtoto mayai, maini kidogo, na samaki wenye mafuta kila wanapoweza.

Mama Kifungo aliuliza kama maziwa yake yalikuwa na kasoro. Daktari alimwambia hapana. Maziwa ya mama ni chakula bora, lakini vitamini D iliyomo ni kidogo, ndiyo maana mtoto anahitaji kuipata kwingine pia. Aliuliza tena kama ni kweli, kama watu wanavyosema, kwamba vitamini hii hutibu kila ugonjwa. Daktari alitabasamu. Uhakika, alisema, uko kwenye mifupa na misuli. Kuhusu magonjwa mengine wataalamu bado wanachunguza, na si vizuri kuuziana matumaini.

Fundi alikuwa na swali moja tu. Je, akimpa matone mara mbili, hatapona haraka? Nesi, aliyekuwa pembeni, alimtolea macho. Vitamini D ikizidi ni sumu, alisema, inadhuru hata figo. Kipimo ni kilekile cha daktari.

"Wewe fundi mzima, nikikuletea kipimo utakata mara mbili yake?"

Tangu siku hiyo, jua la asubuhi likishapanda, fundi aliteremka na kiti na kikapu hadi uwanja mdogo nyuma ya jengo, mahali pa kuanikia nguo. Nesi alikuwa amemwambia kuwa ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi, lakini si mpaka iungue. Fundi alikunja mikono ya shati, akashona vifungo na pindo za nguo za wateja. Kifungo alicheza karibu, mikono na miguu wazi. Vumbi lilikuwepo. Mafua yalikuja mara moja, yakaondoka. Cherehani ilisubiri juu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Kifungo alishika shuka lililoanikwa, akaliachia, akaenda kwa miguu yake mpaka kwenye shuka la pili. Fundi alijichoma sindano na hakusikia.

Picha nyingine ilipopigwa, daktari alisema mifupa imeimarika. Miguu haikuwa imenyooka kabisa, lakini ngumi ya fundi haikupita tena kati ya magoti. Na suruali ile ya kwanza ilikuwa imekuwa fupi.

Siku fundi alipotaka kupima mpya, dada yake alikuwepo uwanjani. Kifungo alipita mbio kati ya nguo zilizoanikwa. Mabegani alivaa vikanda vya buluu vya kushikilia suruali. Ni vile vitambaa vilivyoshonwa kwa ajili ya kumfunga.

"Simama kidogo, baba, nikupime," fundi alibembeleza. Kifungo hakusimama.

"Mtoto huyu hakai?" dada aliuliza. "Amemrithi nani?"

"Shangazi yake," fundi alisema. "Naye hakai kwake."

Dada alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. Fundi aliinuka kitini bila kushika kitu chochote, akamkimbilia mwanawe, futi ikiburuzika nyuma yake.