Mifuko Iliyozibwa kwa Uzi

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, maana hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake ikaja kudondosha kifungo. Alikuwa mcheshi, na maneno hayakumwishia mdomoni. Mguu wake ulikanyaga pedali tangu asubuhi mpaka alasiri.

Alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na miwili. Nyumbani alimwita Sisimizi, kwa kuwa hakujua kukaa kitako. Kila siku Sisimizi alipotoka shule, mama yake aliacha cherehani, akampekua begi, daftari moja baada ya jingine. Mifuko ya nguo hakuikagua. Alikwisha kuiziba yote kwa uzi: ya sketi, ya gauni, hata ya sweta. Wateja walipouliza, alicheka akasema ni mtindo mpya. Mtindo wapi! Ilikuwa hofu tu.

Baba yake Sisimizi alikuwa gerezani kwa kuvunja maduka. Alikuwa na vidole vyepesi, na hakuna kufuli lililomshinda. Sisimizi naye alikuwa na vidole hivyo hivyo. Alitunga uzi kwenye sindano bila kuangalia. Fundi mwingine angefurahi kupata mtoto wa namna hiyo. Mama Vifungo alipoviona vidole vile, moyo ulimwenda mbio.

Jumatatu moja alikipata alichokuwa akikitafuta. Ndani ya soksi ya mtoto mlikuwa na bikari ya kuchorea duara. Ilikuwa ya mwenzake wa dawati moja.

"Hiyo ni damu ya baba yako," mama alisema.

Sisimizi aliinamisha macho. Mama akatoa begi kubwa, akaanza kukunja nguo za mtoto. Jumamosi angempeleka kwa mjomba wake, mbali, mtu mkali mwenye fimbo. Shule ingengoja. Alikunja huku roho ikimuuma, maana alimpenda binti yake kuliko kitu chochote.

Kesho yake, Sisimizi akiwa shuleni, afisa ustawi wa jamii alikuja kuchukua gauni lake. Kazi ya afisa huyu ilikuwa kutembelea familia za wafungwa na watoto walioingia matatani. Aliliona begi, akauliza safari ya wapi. Mama Vifungo akamweleza yote, toka mwanzo mpaka bikari.

"Iko kwenye damu, dada," alimaliza. "Nitafanyaje?"

Afisa alivuta kigoda, akaketi. "Yule shemeji yako mwashi na mumeo, si baba mmoja, mama mmoja?"

"Ndiyo."

"Yeye ameiba nini?"

Mama Vifungo alicheka bila kutaka. Shemeji yake alikuwa akirudisha hata msumari uliobaki kazini, mpaka watu wakamchoka. Basi afisa akataka kujua, damu hiyo ilimrukaje yeye. Hapo Mama Vifungo akakumbuka. Shemeji alichukuliwa na mwashi mmoja akiwa kijana, akafundishwa kazi. Mumewe aliacha shule mapema, na hakuna aliyemuuliza anashinda wapi. Waliomuuliza walikuwa wavunja maduka. Alijisikia akiyasema hayo kwa mdomo wake mwenyewe.

Afisa alimweleza taratibu. Ni kweli mtoto hurithi mambo. Anaweza kurithi wepesi wa hasira, kutotulia, au kutoogopa hatari, na mambo hayo yanaweza kumfanya mtoto apate taabu zaidi kujizuia. Lakini hakuna anayezaliwa mwizi. Nyumba, marafiki, shule, kipigo au kuaminiwa, vyote huungana na kile alichozaliwa nacho.

"Wewe ni fundi," alisema. "Kitambaa kina tabia yake. Kingine huchanika upesi. Lakini kitambaa hakijikati chenyewe kikawa gauni. Ukimpeleka mbali na shule, mbali na wewe, utakuwa umemwondolea yanayomkinga. Na mtoto akipekuliwa kila siku, huanza kuamini kwamba ni mwizi. Umemuuliza kwa nini aliichukua?"

Hakuwa amemuuliza.

Alasiri ile alimuuliza. Sisimizi alisokota uzi kidoleni.

"Kila siku unatafuta, mama," alisema. "Nilitaka siku moja ukipate, uache kutafuta."

Mama Vifungo alilia mbele ya mtoto, hakujificha. Kisha akachukua wembe, wakakaa wote wawili chini, wakafumua mifuko mmoja baada ya mwingine. Mama alikata, Sisimizi akavuta nyuzi. Nguo zikarudi kabatini.

Asubuhi walikwenda shule pamoja. Sisimizi aliirudisha bikari kwa mkono wake, akaomba radhi. Tangu siku hiyo, kila alipomaliza kazi za shule, mama alimfundisha kushona matundu ya vifungo. Haikuwa rahisi. Mara nyingine mkono wa mama ulijiendea wenyewe kwenye begi, akauzuia, akashika pasi. Siku moja Sisimizi alimpiga mwenzake aliyemwita mtoto wa mwizi. Afisa akaja tena, wakazungumza tena.

Muhula ulipokwisha, Mama Vifungo alitakiwa shuleni kupima sare za wanafunzi wapya. Alimwachia binti yake chumba cha kazi na ufunguo. Aliporudi alasiri, alimkuta ameketi kizingitini, mlango umefungwa. Mama hakuuliza kitu.

Sisimizi alitia mkono mfukoni mwa sketi, akatoa ufunguo.

"Nimefunga," alisema. "Halafu nikarudi kuvuta kufuli, nione kama limeshika. Mara mbili."

Mama aliutazama ufunguo katika vidole vile vyepesi. Moyo wake ulikuwa umetulia.

"Kaa nao," alisema. "Kesho utafungua wewe."