Spika Yenye Kifua

Kilichomshtua Mtoro kwanza ni besi.

Spika yenyewe ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti, imebanwa chini ya kibodi ya kompyuta ndogo nyeusi iliyokwanguliwa jina la kiwanda. Spika ya ukubwa ule huimba kwa pua. Haina kifua, haina tumbo, na fundi mwenye akili hadai kwake kisichokuwamo. Lakini hii ilitoa sauti nzito, ya duara, iliyotetemesha glasi ya chai mezani.

Ilikuwa miaka ya baada ya biashara kufunguliwa, kila kitu kikawa kinaingia: nguo za mitumba, majokofu ya mitumba, na mwishowe kompyuta za mitumba. Daraja la Rufiji lilikuwa bado jipya. Sadala, mwenye duka kando ya barabara pale Kibiti, alileta kompyuta ndogo za kupakata kutoka Dar es Salaam na kuziwasha kwa jenereta. Wanunuzi wake hawakuzitaka kwa kuandikia. Walitaka kusikiliza kaswida, taarabu na mawaidha katika nyumba zisizo na umeme, betri ikishajazwa chaji. Spika ikilia kama nyuki ndani ya kopo, mnunuzi anaondoka. Kwa hiyo Sadala alimweka Mtoro, na kazi ya Mtoro ilikuwa kusikiliza.

Hakupima kwa muziki. Muziki huficha makosa, alisema. Alipima kwa sauti aliyoijua kuliko zote, ya binti yake Muzdalifa, mtoto wa darasa la kwanza. Aliirekodi siku moja bila mtoto kujua, akaiweka kwenye flashi. Sauti yake mwenyewe inaita, "Muzdalifa." Kisha ya mtoto, "Abee, baba." Basi. Lile *b* la abee huifichua spika iliyopasuka utando, ile *e* ndefu huonyesha kama inatetemeka, na baba huishia kwa pumzi. Pumzi ikisikika, spika ni nzima.

Kutwa nzima dukani mtoto aliitwa, akaitika, akaitwa, akaitika. Sadala alizoea kumtania kwamba kwa masikio yale alipaswa kuzaliwa popo.

Mtoro alicheza ile sauti tena kwenye kompyuta nyeusi. "Abee, baba." Ilikuwa tamu, pana, kama mtoto amesimama nyuma ya kiti chake. Kabla ya abee kulikuwa na pumzi iliyovutwa, ndefu, ambayo hakuwahi kuirekodi. Alinusa marashi, na chini ya marashi, tope la pwani maji yakishakupwa. Alichomoa flashi, akaichomeka kwenye kompyuta nyingine ili alinganishe. Flashi ilikuwa tupu.

Alirudi kwake adhuhuri, kichwa kizito. Nyuma yake Mshamu, mfanyabiashara wa boriti za mikoko kutoka Kiongoroni, kijiji cha ndani ya delta ya Rufiji, alipita dukani, akaisikia ile nyeusi inavyolia, akainunua papo hapo.

Nyumbani, mkewe Zuena alikuwa anapepeta mchele. Mtoro alimwita binti yake aje anawe. Muzdalifa akatokea mlangoni, akafungua mdomo kuitika, na kilichotoka ni mkwaruzo mwembamba, mkavu, kama spika iliyochanika.

Zuena aliacha ungo. Alimwambia aseme tena. Mtoto akasema tena, ukatoka mkwaruzo uleule.

Zahanati walimmulika kooni wasione kitu. Walimpa dawa ya kusukutua. Siku zikapita na mkwaruzo ukazidi kupungua, mpaka ukawa pumzi tu. Lakini kilichomkondesha Zuena hakikuwa koo. Mtoto alikuwa anaitika bila kuitwa. Amekaa anakula, mara anageuza kichwa upande wa mashariki, kwenye delta, midomo inaumba abee, macho yanasubiri. Husubiri hivyo mpaka wali unapoa. Kisha akaanza kusimama. Kisha akaanza kutembea. Jioni moja jirani alimkuta amekwisha kuvuka barabara kuu, anashika njia ya Nyamisati, kwenye bandari ya kwenda delta, peku, na tangu siku hiyo Zuena alimfunga kwa kanga kiunoni, ncha ya pili kiunoni mwake mwenyewe, wakawa wanapika pamoja na kulala pamoja kama mtumbwi na gati lake.

"Baba Muzdalifa," alimwambia mumewe, taratibu, asije mtoto akasikia, "anavutwa. Mimi huku upande wa pili namshika kwa nguvu. Mikono inaniuma."

Ndipo Mtoro akaenda peke yake kwa Bi Mashavu, mganga wa Nyamwage, kwa sababu Zuena hakuweza kutoka na hakuthubutu kufungua fundo. Bi Mashavu alikuwa anachambua mchicha. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono haijasimama. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulipomwita akaitika, ulimtuma nini?"

Mtoro akasema hakumtuma kitu. Ilikuwa kupima spika tu.

Mikono ya Bi Mashavu ikasimama.

"Mtoto akiitwa akaitika, hupewa neno. Njoo, leta maji, nenda kwa shangazi yako. Wewe ulimwita ukanyamaza. Kutwa, baba, umemwita ukanyamaza. Sauti ya mtoto ikawa imesimama mlangoni, haina pa kwenda. Kapita mwenye haja naye, kamshika mkono."

Alimwambia aifuate mashine ilipo kabla haijazima, maana ikizima imeondoka naye. Amwite mtoto, naye akiitika, amtume nyumbani. Huko asiitikie akiitwa, hata aitwe na nani. Halafu akasema lililo zito zaidi, na alilisema mara mbili ili limwingie.

"Sikiliza kwanza kama yuko peke yake. Ukimwambia njoo nyumbani naye ameshikwa mkono, watakuja wawili."

Mtoro hakurudi ndani kueleza. Alimwambia Zuena mlangoni tu, lori likimsubiri, kwamba dawa ni kumwita na kumtuma, kumwita na kumtuma, asiachwe kimya. La kushikwa mkono hakulisema. Aliogopa kumtisha zaidi mwanamke aliyekwisha kufungwa kwenye hofu yake kwa kanga.

Sadala alikwisha kumtajia aliyeinunua. Kutoka Nyamisati alipata boti ya mashine iliyokuwa inarudi Kiongoroni na magunia ya unga. Mshamu alimpokea bila kumsalimu vizuri. Alikuwa amekonda, macho mekundu, na nyumba yake ilikuwa tupu, mke na watoto amewapeleka kwa mkwewe.

"Umeniuzia mtoto wa watu," alisema Mshamu. "Haiitwi, inaitika. Haichajiwi, nayo haijazima. Siku ya kwanza tulicheka. Mke wangu akawa anaijibu, mwanangu unataka nini. Siku ya pili ikamjibu."

Hakusema ilijibu nini. Alionyesha banda la boriti kando ya mkondo, akakataa kuongeza hata hatua moja.

Jua lilikuwa utosini. Maji yalikuwa yamekupwa, mizizi ya mikoko imesimama wazi kwenye tope, na hakukuwa na ndege. Ndani ya banda, chini ya turubai, kompyuta ilikuwa imefunikwa na kufungwa kwa kamba kama mzigo wa safari. Mtoro akaifungua. Harufu ya marashi ikamjia usoni, ya moto, yenye plastiki iliyoungua ndani yake. Kioo kilikuwa cheusi, lakini taa ya betri ilikuwa inawaka na kuzimika, rangi ya chungwa, kama inavyofanya chaji inapoishia, na Mtoro hakuwa na jenereta, wala Kiongoroni nzima siku hiyo haikuwa na jenereta iliyo nzima.

"Muzdalifa," aliita.

Kisha ile pumzi ndefu.

"Abee, baba."

Hii hapa, sauti yake, yote, hakuna uzi uliopungua, na neno la kumtuma likamjaa mdomoni, njoo, njoo nyumbani, na angelisema kama masikio yake yasingezoea kazi, maana chini ya utamu ule, pale ambapo spika ya ukubwa wa kifungo haina lolote la kutoa, palikuwa na besi, na besi ile ilikuwa na kifua, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, taratibu, chenye majimaji, kama cha mtu mkubwa aliyechuchumaa nyuma ya mtoto na kumwekea kidevu begani.

Hakuwa peke yake.

"Mwachie," Mtoro alinong'ona. "Ni mtoto. Mwachie apite."

Taa ikawaka, ikazimika. Ikakaa zaidi katika kuzimika.

"Mtoro," ilisema spika, na sasa haikuwa sauti ya mtoto hata kidogo.

Aliuma ulimi. Tangu utotoni alijua, kama kila mtoto wa huku ajuavyo, kwamba mwito ambao mwenyewe haonekani hauitikiwi, na Bi Mashavu alikuwa amelirudia hilo, na Zuena alikuwa kule Kibiti ameshika kanga kwa mikono miwili.

"Mtoro."

Chini ya ule uzito alisikia kitu kidogo, mkwaruzo, mbali, kinazidi kuwa mbali, na taa haikuwaka tena upesi kama mwanzo, na akahesabu moyoni si namba bali vitu, unyoya wa kuku ambao Muzdalifa alikuwa akiuvaa masikioni kama herini, jino lililong'oka akalitupa juu ya paa, namna alivyokuwa akisema abee akiwa amejaza muwa mdomoni, na akaona kwamba mwenye haja hakuwa na haja na mtoto hasa, alikuwa na haja na sauti, yoyote, ya kushika mkono.

"Mtoro."

"Naam," alisema.

Kitu kilimtoka kooni kama kamba inayovutwa kisimani. Papo hapo akasikia spika ikibadilika. Ikalia kwa pua. Nyembamba, kavu, haina kifua, haina tumbo, spika ndogo kama zilivyo spika ndogo zote duniani, na ndani yake, peke yake kabisa, mtoto.

"Abee, baba?"

Mtoro alikuwa na pumzi moja ya mwisho ya sauti, na aliitumia yote.

"Nenda kwa mama yako."

Taa ikazimika.

Mshamu na yeye waliitumbukiza kompyuta kwenye mkondo maji yalipojaa, imefungiwa jiwe, wakatazama mapovu mpaka yakaisha. Mshamu alimshukuru, akamwuliza maswali. Mtoro alifungua mdomo, ukatoka mkwaruzo.

Alifika Kibiti kesho yake, magharibi inakaribia. Alimsikia kabla hajamwona. Muzdalifa alikuwa anaimba uani, kwa sauti ya kuudhi majirani, na Zuena amekaa chini, kanga imefunguliwa mapajani mwake, analia bila kujifuta. Mtoro akaketi ukumbini juu ya mkeka, miguu ina tope. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya besi, alipumua.

Mtoto akaja mbio.

"Baba!"

Alitabasamu, akampungia. Alijigusa koo, akatikisa kichwa. Zuena alimtazama, akaelewa nusu, na uso wake ukaanza kukunjamana.

"Baba," Muzdalifa aliita tena, kwa kucheza. Kisha akageuza kichwa upande wa mashariki, akasikiliza, akacheka kidogo.

"Ameitika, mama. Amesema naam. Mbona yuko mbali?"

Zuena akaruka kutoka chini. Kitu kimoja tu alikuwa ameambiwa pale mlangoni, na alikuwa amekishika siku zote hizi kama anavyoshika kanga. Akamkamata mtoto mabega.

"Mtume, mwanangu. Usinyamaze. Mwambie neno upesi. Mwambie aje nyumbani."

Mtoro aliinuka, akapunga mikono yote miwili, akafungua mdomo akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Ukatoka mkwaruzo, ambao hata kuku aliyelala kizingitini haukumwamsha.

"Njoo nyumbani, baba," alisema Muzdalifa, kwa sauti safi.

Barabarani lori lilipita, mngurumo wake ukaisha. Kisha yule kuku akaamka, akasimama, akaondoka kizingitini haraka kama anayempisha mtu njia, na ukumbi ukanuka marashi na tope, na pale mlangoni, ambapo hapakuwa na mtu, mwenye kifua kipana akavuta pumzi kabla ya kusema hodi, na hodi yenyewe ilikuwa kwa sauti ya Mtoro.