Meseji ya Jumatatu

Walikutana mashineni, Kyela mjini, msimu wa mavuno, wakati hata chai ya watu wa pale huwa na ladha ya pumba. Lugano, mwendesha mashine, alikuwa na gunia la mpunga begani. Likapasuka, na nusu yake ikammwagikia binti wa gauni la njano aliyekuwa kwenye foleni.

"Kaka, mimi nimekuja kukoboa, sikuja kupandwa!"

"Samahani, dada. Ukiota nitakupalilia mwenyewe."

Binti akacheka, na Lugano akaisha hapohapo. Jina lake Tusajigwe, wa Ikolo, mwanafunzi wa sheria katika chuo kimoja Mbeya. Tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi alishuka Kyela, na Lugano akamngoja stendi, shati limepigwa pasi, pumba bado zimo masikioni.

Mwaka wa pili Tusajigwe akaomba kuhamia chuo kikuu cha Dar es Salaam, chenye jina ambalo mwajiri akilisikia tu anakuvutia kiti. Alikuwa likizo nyumbani. Simu yake ilitumbukia mtoni akifua, na ya mama yake ilishinda imezimika, basi kwenye fomu akaandika namba ya Lugano. Akikubaliwa, namba ya kuthibitisha ingekuja kwa meseji, na mwisho ni Ijumaa. Fisi kakabidhiwa bucha.

Meseji iliingia Jumatatu asubuhi. Lugano aliisoma mara tatu. Mbeya ni mwendo wa saa tatu kwa basi; Dar ni siku nzima, na huko wamejaa wanaume wasionuka mpunga. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, akaitia simu mfukoni.

Jioni Tusajigwe akapiga kwa simu ya mama yake. "Mpenzi, imeingia?"

"Bado, mamaa."

Jumatano akapiga tena. "Lugano wangu, angalia vizuri. Jumapili kanisa zima limeniombea."

"Bado, mpenzi. Labda mtandao."

Jumamosi Tusajigwe akatokea mashineni na gauni lilelile la njano, uso unang'aa kwa mafuta, mkononi kikapu cha ndizi mbivu.

"Siendi Dar," akasema.

"Kweli?"

"Nilishindwa kuamua. Chuo nakitaka, na wewe nakutaka. Nikamwambia Mungu, meseji ikija naenda, isipokuja nabaki unioe. Jana Ijumaa imepita. Basi mtafute mshenga, baba, usinichekee tu!"

Lugano alimnyanyua juu, ndizi zikamwagika. Furaha ikamlegeza ulimi. Laiti angenyamaza!

"Kumbe tulikuwa tunawaza kitu kimoja! Mimi ile meseji nimeikalia tangu Jumatatu. Nikasema huyu simwachii mtu."

Tusajigwe akashuka mikononi mwake taratibu. "Nipe simu."

Akasoma. Akaangalia tarehe, akasoma tena.

"Mimi nilikuwa naongea na Mungu, Lugano. Kumbe anayenijibu ni wewe."

"Nisamehe, mpenzi. Niliogopa kukupoteza."

"Ungesema, 'Tusajigwe, usiende.' Maneno mawili tu. Pengine nisingeenda."

"Basi nayasema sasa."

"Sasa niende wapi?"

Akamrudishia simu. "Ndaga fijo," akasema, kama mtu anayeshukuru dukani baada ya kupewa chenji, akaondoka bila kikapu. Lugano alibaki anaokota ndizi moja moja, wateja wanamtazama.

Wiki nzima hakupata hata neno. Mwisho akajikaza, akapiga kwa mama yake Tusajigwe. Siku hiyo simu ilikuwa na chaji.

"Tusajigwe karudi Mbeya, mwanangu. Kwani hakukuaga?"

"Mama, alisema nini kuhusu Dar?"

"Alisema meseji haikuja, basi. Hataki hata tuliongelee. Ila mimi sijakata tamaa, Jumapili tumeiombea tena. Wewe ndiye tunayekutegemea, baba. Ikiingia tu, utuambie."