Madumu ya Rangi Yaliyopamba Jiko Langu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja. Naishi Bariadi na mume wangu Masanja pamoja na binti yetu wa pekee, Limi, mwenye miaka mitatu. Ninaandika haya huku kichefuchefu kimenikaba. Si cha ujauzito, ndugu zangu... ni cha kumkumbuka mtu niliyekuwa namwita rafiki!

Kwanza niwaeleze kuhusu jiko langu, maana mambo yote yalianzia humo. Ni kajiko kadogo, ukisimama katikati ukanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tulipohamia, kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi, unga unakaa kwenye mfuko sakafuni na panya wanatutangulia kuula. Mgeni akiingia nilitamani ardhi inimeze. Jioni nilikuwa natazama kwenye simu majiko ya watu, yanang'aa, kila kitu mahali pake, najiuliza mimi nimekosa nini?

Hela hatukuwa nayo, lakini jiko dogo halihitaji hela nyingi kama watu wanavyodhani. Nilipaka chokaa mwenyewe. Masanja akapigilia shelfu za mbao alizozitoa kwenye makreti ya sabuni. Vikombe nikavitundika kwenye misumari, miiko kwenye kamba, na chini ya meza nikafunga pazia la kitenge kilichochakaa, likaficha mkaa na mtungi wa gesi. Kilichobaki ni vyombo vya kuwekea unga, sukari, chumvi na dagaa.

Hapo ndipo akaingia Kabula.

Huyu tulisoma naye dawati moja. Yeye aliolewa Nyalikungu, kule Maswa, na alikuwa ameanza biashara ya kupamba majiko ya watu wa kipato cha chini kama sisi. Alichukua madumu makubwa ya plastiki, akayakata shingo, akayapaka rangi nje na ndani, akayachora maua, kisha fundi seremala akamtengenezea mifuniko ya mbao. Ungeyaona ungeyapenda! Siku moja akashuka kwenye basi na seti nzima, akasema ni zawadi yangu. Nilimkumbatia hadi machozi yakanitoka. Dumu la njano ndilo lilikuwa zuri kuliko yote, nikaweka humo unga wa uji wa Limi.

Basi jiko langu likawa gumzo la mtaa. Kabula alipiga picha, akazisambaza, na kila alipokuja mnadani alileta wateja wasimame mlangoni kwangu waone. Mimi kazi yangu ilikuwa kusifia. Niliwafunulia mifuniko, nikawaeleza jinsi wadudu wasivyoingia. Nilikuwa sisemi uongo... hata mende walihama! Niliona ni baraka. Je, ningejuaje?

Kitu kimoja kilikuwa kinanikera. Kabula hakula kwangu hata mara moja. Kwetu Usukumani mgeni akiukataa ugali wako amekutukana wewe na waliokuzaa. Yeye alisingizia vidonda vya tumbo, halafu anatoka kwenda kununua chapati zinazochuruzika mafuta barabarani. Nililimeza hilo kwa sababu nilimpenda.

Kulikuwa na harufu pia. Wenzangu wa huku mnaijua, harufu ya dawa ya wadudu wa pamba. Msimu wa kupulizia ukifika iko kwenye nguo, kwenye baiskeli, mpaka kwenye godoro. Tumezaliwa ndani yake, pua zetu hazishtuki tena. Nilipoisikia jikoni nilimlaumu Masanja, ambaye ana shamba la pamba nje ya mji. Nikamlazimisha avue nguo za shamba uani, mbele ya wapangaji wenzetu, kabla hajakanyaga mlango wangu. Maskini mume wangu alivua. Harufu haikuondoka, nikasema ni msimu tu, itapita.

Halafu Limi akaanza kuumwa...

Anakunywa uji, baada ya muda anatoka jasho, mate yanamchuruzika, anatapika. Mara anashindwa kusimama, misuli ya mashavu inamcheza. Tulimpima malaria, tukampa dawa za minyoo, wapi! Nikampeleka kwa mama yangu, kijijini Kalemela. Kule alikula samaki na ugali, akanenepa, akakimbizana na mbuzi. Nikamrudisha nyumbani nikiwa na furaha, na haikuchukua muda akatapika tena mapajani mwangu.

Mtoto anapona akitoka, anaumwa akirudi. Mngewaza nini? Kabula ndiye aliyenisaidia kuwaza. Alinishika mkono akaniambia nyumba yetu imetupiwa kitu, tena na mtu wa karibu, akatupeleka mwenyewe kwa mganga. Limi alichanjwa chale kifuani na mgongoni, analia mpaka sauti ikakauka. Masanja alitoka nje kwa uchungu. Aliyemshika miguu asirushe ni Kabula.

Niliporudi nikaona mtoto amekosa nguvu, nikamwongezea uji. Nilimwongezea! Akigeuza uso nilimbana pua ili afungue mdomo, nikamwagia. Mwanangu alinitazama kwa macho makubwa, na mimi nambembeleza, kunywa mama, kunywa upone.

Siku moja asubuhi alilegea kabisa, povu mdomoni. Masanja alimbeba kwenye bodaboda, mimi nyuma, tukaingia hospitali tukipiga kelele. Daktari alimwangalia mboni za macho, zilikuwa zimesinyaa mno, akaagiza sindano haraka. Limi alipotulia kidogo, daktari akatuuliza dawa ya pamba tunaiweka wapi. Masanja akasema iko kwenye kibanda cha shambani. Mimi nilikasirika! Nilimwambia daktari nyumba yangu ni safi kuliko zote mtaani, nikatoa simu nikamwonyesha picha ya jiko langu.

Aliikuza ile picha kwa vidole viwili. Akanigeuzia simu.

"Haya madumu, mama, yalikuwa ya nini kabla ya kupakwa rangi?"



Nilimwacha Masanja wodini, nikakimbia nyumbani. Nilimwaga unga wa Limi chini, nikachukua kisu nikakwangua dumu la njano. Kwa ndani rangi ilikuwa imeshaanza kubanduka vipande vipande, imechanganyika na unga. Kwa nje, chini ya ua jekundu, lilitokea fuvu la kichwa na mifupa miwili. Nikalinusa. Harufu ikanipanda kichwani, nikatapika palepale kwenye sakafu niliyokuwa naipiga deki kila siku.

Daktari aliposema mtoto yuko nje ya hatari, nilipanda basi la Maswa. Sikumpigia Kabula simu. Nilimkuta uani amechutama, anasugua madumu kwa majivu na mchanga. Rundo lilikuwa limeegemea ukuta, mengine bado yana lebo zake za sumu zinazopepea. Alikuwa anayaokota mashambani baada ya wakulima kumaliza kupulizia! Nikampita, nikaingia moja kwa moja jikoni kwake.

Unga wake ulikuwa kwenye sufuria yenye mfuniko. Sukari kwenye chupa ya kioo. Chumvi kwenye chupa ya kioo. Jiko la mpambaji, na hapakuwa na dumu hata moja!

Alinifuata mlangoni anafuta mikono kwenye kanga. Nilimuuliza swali moja tu, kwa nini kwake hakuna.

"Mama Limi, mimi nina watoto," alisema.

Alisema hivyohivyo, kama mtu anayenieleza bei ya nyanya. Nikamkumbusha kwamba na mimi ninaye, tena alimshika miguu akichanjwa. Akashusha macho, akasema aliyaosha vizuri, hakudhani yatafika huko.

"Na kwani wewe nilikuuzia? Si nilikupa bure."

Sikumpiga. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini sikumpiga. Nilishindwa kumgusa, wasomaji wenzangu. Niliona kinyaa, kama mtu aliyekanyaga kitu kilichooza na kiatu hana. Nilitema mate kizingitini kwake nikaondoka.

Uongozi wa mtaa wake ulimwita, akakana kwamba alijua, wakamwonya, akaacha kwa muda. Mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia wale niliowashawishi. Wengine waliyatoa siku hiyohiyo. Wengine walinisikiliza wakitabasamu, wakasema nina ugomvi na rafiki yangu, nisiwaingize. Kuna mama mmoja bado analo la bluu dirishani. Ameniambia anaona uchungu kulitupa kwa sababu linapendezesha, kwa hiyo siku hizi anaweka humo mchele tu. Mchele tu! Nikipita pale nageuza uso.

Limi amepona. Anakimbia, anaimba, anamsumbua baba yake. Ila hali chakula kutoka mkononi mwangu. Masanja akimlisha anakula. Jirani akimpa anakula. Mimi nikisogeza kijiko, hata kiwe cha asali, anafumba mdomo na kuziba pua kwa viganja vyake viwili. Nimejaribu kula kwanza mimi nione kama atanifuata. Nimejaribu kukaa nyuma yake asione ni mkono wa nani. Anajua... Kila ninapoona vile viganja, nasikia kinyaa na mikono yangu mwenyewe.

Dada zangu, pambeni majiko yenu. Chokaa, misumari, kitenge cha zamani, hivyo vinatosha kabisa na havimuui mtu. Lakini chombo kinachogusa chakula, ulizeni kilikuwa na nini, na asiyejibu mrudishieni mzigo wake hata kama ni zawadi, hata kama mlikaa dawati moja shuleni. Dumu la dawa halisafishiki kwa sabuni wala majivu.

Na nyinyi mlio na mashamba, mkimaliza kupulizia msiliache dumu zima. Litoboeni kwa msumari, litoboeni kotekote hadi lisiweze kushika hata maji. Ukiliacha zima, kuna mtu atapita nyuma yako na brashi ya rangi, na kuna mama kama mimi atafurahi sana kupewa.