Zamu ya Kumgeuza Babu

Kila siku akitoka shule, Kimya, kama walivyozoea kumwita nyumbani, aliweka begi, akanawa mikono na kuingia chumba cha babu. Mzee alikuwa amepooza, hawezi hata kujigeuza. Ilibidi ageuzwe ubavu, afutwe kwa maji ya uvuguvugu, kisha akaguliwe visigino na nyonga, maana ngozi ikilaliwa mno hufanya vidonda.

Kimya hakumpenda babu, na sioni haja ya kuficha. Alipokuwa mzima, mzee yule alikuwa mkali kama pilipili. Mjukuu aliyemdekeza ni mmoja tu, binamu wa Kimya, ambaye babu mwenyewe alimpa jina la Kipenzi. Wasichana hao wawili walipangiwa zamu, lakini za Kipenzi nazo zilimwangukia Kimya.

"Leo zamu yako," Kimya alimwambia mwenzake siku moja.

"Siwezi, ndugu yangu," Kipenzi alijibu, machozi yakimlengalenga. "Nampenda mno. Nikimwona vile, moyo unaniuma."

"Mimi harufu inanishinda, lakini mgongo wake utangoja?"

Akakunja uso, akaingia. Babu, ambaye sasa hakutambua tena watu vizuri, alifumbua macho, akaangaza mlangoni.

"Kipenzi yuko wapi?"

Kimya alimgeuza ubavu. Maneno yale yalimchoma, tena sana.

Babu alifariki kabla shule hazijafungwa. Kipenzi alilia hadi akazirai, na majirani wakasema huyo ndiye mjukuu hasa. Kimya, macho makavu, alijificha jikoni kwa aibu. Shangazi yao, muuguzi wa zahanati, alimfuata huko.

"Shangazi, mimi nina roho mbaya. Sikumpenda. Na kazi yote ile imesaidia nini? Si amekufa!"

"Nimemtazama baba yangu leo, mwanangu. Hana kidonda hata kimoja."

"Lakini hakujua kama ni mimi."

"Hakujua," shangazi alikubali, naye akaanza kulia. "Amekufa akimwita mwenzako, na hilo siwezi kukubadilishia. Ila sikiliza. Hakuna awezaye kujilazimisha kupenda. Wewe ulijua wajibu wako, ukautimiza bila kupenda, bila asante. Hiyo ndiyo nia njema, na ingekuwa njema hata kama vidonda vingemla mgongo wote. Hukumgeuza ili akupende. Ulimgeuza kwa sababu naye ni mtu."