Kigawo cha 10,001

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Chiriku na binamu yake walifanya kazi za shule kwenye meza ya shangazi, fundi cherehani, baada ya kusukuma kando vipande vya vitambaa. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alipewa jina la Chiriku kwa kupenda kuongea.

Jioni hiyo walikuwa na namba 10,001. Mwalimu wa hisabati aliipa kila jozi ya wanafunzi namba yake, waseme kama ni tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Jozi yenye jibu sahihi kwa namba kubwa zaidi ingeiwakilisha shule kwenye mashindano, na namba yao ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ilitosha kujaribu namba tasa zilizo chini ya mia moja, kwa sababu vigawo viwili vinavyozidi mia moja vikizidishwa huzaa angalau 10,201.

Binamu alichukua namba ndogo, hadi arobaini na saba. Zote ziliacha baki. Chiriku alianza hamsini na tatu. Alipofika sabini na moja alisikia wenzake wakiruka kamba nje, akafunika kalamu.

"Umemaliza?" binamu aliuliza.

"Zamani! Ni tasa hiyo."

"Zote?"

"Kaka, unanihoji kama askari?"

Asubuhi binamu aliandika ubaoni: *10,001 ni namba tasa.*

"Jibu litakalokuwepo kengele ikilia ndilo nitakalopima," mwalimu alisema. "Mmejaribu zote?"

"Zote, mwalimu," binamu alijibu.

Chiriku aliitazama ile 10,001 ubaoni.

"Leo Chiriku kameza ulimi!" mwanafunzi mmoja alisema kutoka nyuma. Darasa likacheka.

"Si zote," Chiriku alisema. "Yeye alimaliza zake. Mimi niliishia sabini na moja, nikaenda kucheza."

"Si uliniambia umemaliza?"

"Nilikudanganya, kaka."

Mwalimu alimpa chaki. "Maji umeshayavulia nguo. Yaoge."

Iliyofuata ilikuwa sabini na tatu. Chiriku aligawanya polepole. Baki ishirini na saba. Akashusha sifuri, baki hamsini na moja. Akashusha moja, baki sifuri. Jibu lilikuwa 137.

Binamu hakumwamini tena. Alizidisha mwenyewe 73 kwa 137, akapata 10,001. Ndipo alipofuta "ni" kwa kiganja na kuandika "si". Kengele ikalia.

"Nafasi ni yenu," mwalimu alisema.

"Mwalimu, huyo si alidanganya?" mwanafunzi mwingine alilalamika.

"Alidanganya, kisha akasema mwenyewe kabla sijagundua. Ningegundua mimi, wasingekwenda." Aligeukia darasa zima. "Mtu aliyeishia njiani anaweza kusema 'sijaona kigawo', na atakuwa mkweli. Anayesema 'hakuna' lazima awe amefika mwisho. Msiniletee 'hakuna' kabla ya kumaliza kazi."